Dokta aliniuliza chumba cha mwanangu kikoje, nikadanganya

Usiku ule wa Aprili 2024 nilihesabu vyombo vinane sakafuni. Ndoo tatu, mabeseni mawili, sufuria la pilau, karai na kopo tupu la rangi. Baba wa watoto alikuwa Dodoma kikazi. Mvua ilikuwa inapiga tangu saa mbili, na mimi nazunguka na tochi ya simu, namwaga hiki, narudisha kile. Umeme nilikuwa nimeuzima mwenyewe kwenye meni swichi, maana maji yalikuwa yameanza kudondoka kupitia kwenye taa ya korido.

Wazazi wenzangu wa Dar es Salaam mnaukumbuka msimu ule. Vuli ya 2023 ilikuja na El Niño, mvua zikavuka mwaka, na kabla ardhi haijakauka masika nayo yakaingia. Wapo waliopoteza nyumba na ndugu kwa mafuriko. Sisi tunakaa Goba, tena mlimani, mafuriko hayatufikii. Kwetu maji yalitujia kutoka juu.

Saa tisa usiku nikasikia sauti ambayo haikuwa ya tone. Ilikuwa filimbi nyembamba, inaingia na kutoka, na ilitoka kifuani kwa kijana wetu wa mwisho, ambaye wakati huo alikuwa na miaka minne. Nilipommulika niliona mbavu zinabonyea kila akivuta pumzi. Haikuwa mara ya kwanza kubanwa, lakini hajawahi kubanwa vile. Nikampigia kijana wa bajaji wa jirani, nikamwacha mwanangu wa kati kwa mama wa nyumba ya pili, na binti yangu mkubwa, aliyekuwa darasa la sita, akanisindikiza kunibebea mkoba.

Hospitali wakamvalisha kile kibarakoa cha mashine ya mvuke. Mashine ikanguruma, mtoto akalia, kisha akaanza kutulia. Dokta alikuwa dada wa umri wangu, mpole, macho yamechoka. Akaandika andika, halafu akaniuliza bila kuinua kichwa, "Mama, chumba anacholala kikoje? Kina unyevu? Ukutani kuna ukungu?"

Nikajibu upesi, "Hapana dokta. Ni kizuri tu. Desemba tumepaka rangi."

Ya rangi ilikuwa kweli. Ndiyo maana ilinitoka kwa urahisi.

Tulipokuwa tunarudi alfajiri, mtoto amelala mapajani kwangu, binti yangu akanong'ona, "Mama, mbona hukumwambia dokta kuhusu ule ukuta wa nyuma ya kabati?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia anyamaze asimwamshe mdogo wake.

Nyumba tuliyoitaka

Nyumba yetu tuliijenga kwa miaka miwili na nusu, kama wengi mnavyojenga: tofali za mwezi huu, saruji ya mwezi ujao, nondo ukipata marejesho ya mkopo. Mwaka 2019 tukafika kwenye paa. Wakati huo mtaa mzima ulikuwa umehamia kwenye mtindo wa paa la kuficha. Ukuta unapandishwa juu kuzunguka nyumba, bati linalazwa nyuma yake, na mtu akisimama barabarani haoni bati wala upenu. Nyumba inaonekana kama sanduku safi. Sisi nasi tukaipenda. Mimi hasa. Nilikuwa na picha kama arobaini kwenye simu.

Baba mkwe ni mwalimu mstaafu, anakaa Muheza. Alikuja kutuona tukiwa ndio tumepandisha ule ukuta wa juu. Akazunguka nyumba mara mbili, mikono nyuma, kama anavyozunguka darasa la mtihani. Nyumba yake kule ni ya zamani, ina bati lenye mwinuko mkali na upenu mpana unaotoka karibu hatua moja nje ya ukuta. Mvua ikinyesha Muheza, na hunyesha kweli, watu wanakaa barazani na kuendelea kuchambua mboga.

Akamuuliza mwanawe swali moja tu. "Maji yatapita wapi?"

Mume wangu akacheka. "Baba, fundi anajua."

Mzee hakuongeza neno. Tukamchinjia kuku, akala, akarudi kwake.

Tukapaka rangi

Doa la kwanza lilitokea vuli ya 2020 kwenye dari ya chumba cha watoto. Lilikuwa dogo, la kahawia, pembezoni limekolea kama chai iliyomwagikia kitambaa. Tukamwita fundi. Akapanda, akapaka silikoni kwenye misumari, akachukua elfu themanini. Masika yaliyofuata doa likarudi na mwenzake. Fundi wa pili akaja na lami, akapaka maungio yote ya mabati, laki mbili na nusu. Likakaa kimya msimu mmoja. Fundi wa tatu akapaka dawa ya kuzuia maji. Akaipaka ndani, ukutani chumbani, kwa sababu huko ndiko unyevu ulikoonekana.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Jamani, sisi tuliziba. Tuliziba kila mwaka. Tatizo ni kwamba tulikuwa tunaziba upande ambao sisi tunauona, na maji yalikuwa yanaingilia upande ambao hakuna aliyewahi kukaa na kuuangalia.

Desemba 2023 tukawa na shughuli ya kumuaga wifi yangu kabla ya ndoa yake. Wageni wangefikia kwetu. Ukuta wa chumba cha watoto ulikuwa umevimba, rangi inabanduka kama ngozi ya mtu aliyeungua na jua. Tukaukwangua juu juu, tukapaka rangi mpya ukiwa bado mbichi, na sehemu iliyokataa kukauka tukaisogezea kabati la nguo. Shughuli ilifana. Watu walisifu nyumba. Kitanda cha kijana wetu wa mwisho kilikuwa kimeegemea lile kabati.

Asubuhi ile niliporudi hospitali sikuvua hata viatu. Mimi na binti yangu tukalivuta kabati. Nyuma yake ukuta ulikuwa mweusi kuanzia darini mpaka usawa wa kiuno changu, mweusi wenye manyoya. Mgongo wa kabati nao ulikuwa umeota. Nguo za shule zilizokuwa zimekunjwa chini zilikuwa na vidoa vidogo vya kijani. Harufu tuliijua wote; ni ile tuliyokuwa tunaiita harufu ya mvua na kuifukiza ubani.

Binti yangu akaniangalia tu.

Nilichosoma usiku uliofuata

Niliwalaza watoto sebuleni, sehemu isiyovuja, na usiku huo nikakaa na simu nikisoma. Nikakuta kwamba Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mzima mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu ndani ya majengo. Unasema wazi kwamba wanaoishi kwenye nyumba zenye unyevu au ukungu wana hatari kubwa zaidi ya kupata matatizo ya njia ya hewa, pamoja na pumu. Na dawa yake kubwa si kupaka kitu, ni kuuzuia unyevu wenyewe.

Nikasoma pia habari za New Zealand, nikashangaa. Kuanzia miaka ya 1990 mpaka mwanzoni mwa 2000 walijenga maelfu ya nyumba za mtindo wa kisasa: kuta laini za plasta, paa lililolala, upenu mdogo au hakuna kabisa. Ndani ya kuta hizo kulikuwa na fremu za mbao ambazo nyingi hazikuwekwa dawa. Maji yakapenya kwenye nyufa na kwenye maungio ya madirisha, yakakosa pa kutokea, mbao zikaoza ndani huku nje nyumba inang'aa. Mwaka 2002 ikabidi itungwe sheria maalumu ya kushughulikia madai ya wenye nyumba. Mwaka 2009 makadirio ya hasara yalifika zaidi ya dola bilioni 11 za kwao. Nchi yenye wahandisi na wakaguzi wa kila aina.

Kuta zetu ni za tofali, si za mbao, kwa hiyo hazianguki kwa kuoza. Lakini nikaona lile kosa ni lilelile. Upenu si pambo. Ni mwavuli wa ukuta. Ukiuondoa, lazima kila kiungo kiwe kimefanywa kwa ukamilifu, na kila mwaka mtu apande kukitazama. Sisi tuliondoa mwavuli na hatukuwahi kupanda.

Ugomvi

Baba watoto aliporudi nikamwonyesha ukuta. Akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema tusubiri mpaka mwisho wa mwaka, kwa kuwa ada za muhula na deni la benki vilikuwa vimembana. Nikasema siwezi kusubiri. Akasema mimi ndiye niliyetaka nyumba ya picha. Nikasema yeye ndiye aliyemwambia baba yake fundi anajua. Tulisemeshana maneno ambayo wanandoa husemeshana wakiwa wanaogopa kitu kimoja na hakuna anayetaka kukitaja.

Kilichokuwa kinatutisha ni kwamba kosa lilikuwa letu wote na aliyelilipia ni mtoto.

Usiku wa tatu akanyanyua simu mwenyewe akampigia baba yake. Nilikuwa jikoni, nikamsikia. "Baba, shikamoo. Samahani kwa usiku huu. Lile swali lako nimekosa jibu."

Mzee alifika siku mbili baadaye kwa basi, na mfuko wa machungwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa mahubiri. Hakuhubiri. Aliomba kiti cha plastiki na mwavuli, na mvua ilipoanza kunyesha alasiri akaenda kukaa uani, anaangalia nyumba. Majirani walidhani mzee ana lake. Alikaa karibu saa nzima. Aliporudi ndani suruali imelowa mpaka magotini, akasema, "Bomba moja tu ndilo linalotoa maji, na linatoa kidogo kuliko mvua inayoingia. Mengine yanabaki juu. Tafuteni fundi atakayepanda bila kubeba kopo la kitu."

Fundi asiye na kopo

Tulimpata kupitia mwalimu mwenzake mzee. Siku ya kwanza hakupaka wala hakugongomea chochote. Alianza kwa kuingia juu ya dari na tochi. Akatuonyesha jambo ambalo mafundi watatu waliopita hawakutuambia: maji yakishaingia hayadondoki palepale. Yanashika kenchi, yanateleza na mbao mpaka yakutane na msumari au kiungo, ndipo yanadondoka. Doa letu la chumbani lilikuwa mita tatu na zaidi kutoka mahali maji yalipoingilia.

Siku isiyo na mvua akaja na mpira wa maji. Nawaomba mlishike hili, maana halina gharama. Mtu mmoja anakaa ndani juu ya dari na tochi, mwingine anamwagia nje. Unaanzia chini, si juu. Unamwagia sehemu moja tu, dakika kumi mpaka kumi na tano, ukiona kumekauka ndani unapanda sehemu inayofuata. Ukianza juu maji yatashuka kila mahali na hutajua yaliingilia wapi.

Tulipata sehemu tatu. Ya kwanza ni mfereji uliofichwa nyuma ya ukuta. Ulikuwa mwembamba, una tundu moja la kutolea maji, na tundu lenyewe lilikuwa limezibwa na majani ya mwarobaini, mfuko wa nailoni na mpira wa watoto wangu waliokuwa wameutafuta mwaka mzima. Mvua kubwa ikija mfereji unajaa, maji yanapanda, yanapita chini ya ncha za mabati na kuingia ndani.

Ya pili ni pale bati linapokutana na ukuta. Panatakiwa pawe na bati jembamba la kufunika kiungo, lililochimbiwa ukutani, lile mafundi wanaloliita fleshingi. Letu lilikuwa limebandikwa kwa sarujisaruji tu, na saruji ilishapasuka. Silikoni, lami na dawa zote tulizonunua zilikuwa zimerundikwa juu ya ufa huo, tabaka juu ya tabaka, na kila moja limebanduka kwa jua.

Ya tatu ni kichwa cha ule ukuta wa juu. Hakikuwa na kofia ya kumwaga maji pembeni. Plasta yake ilikuwa na nyufa nyembamba kama nywele, na kila mvua ikinyesha ukuta unakunywa kutoka juu kama sponji. Huo ndio unyevu uliokuwa unashuka mpaka nyuma ya kabati.

Tukamuuliza kuhusu misumari. Akasema misumari yetu haikuwa na kosa kubwa, ila tujue: kwenye bati la mawimbi msumari unapigwa juu ya mgongo wa wimbi, si bondeni maji yanakopita, na mpira wake ukishachakaa kwa jua unabadilishwa, haupakwi. Kulaza bati juu ya bati, sentimita 15 zinatosha kwenye paa lenye mwinuko mzuri. Kwenye paa lililolala kama letu zinahitajika zaidi. Na ukinunua bati usidanganyike na namba: geji 28 ni nene kuliko geji 30.

Akatupa njia mbili. Ya kwanza ni kurekebisha paa la kuficha kama lilivyo. Ya pili ni kubomoa ule ukuta wa juu pande tatu, kurefusha mbao na mabati yatoke nje sentimita 60, na kufunga gata ya nje inayoonekana. Upande wa barabarani ukuta ubaki, ila uwekwe kofia ya zege yenye mwinamo na fleshingi ya kweli. Njia ya pili ilikuwa ghali zaidi na ingeharibu lile sanduku letu.

Baba watoto akasema kwa sauti ya chini, "Watu watasema tumefilisika, tunabomoa nyumba."

Baba yake akamjibu, "Watu hawalali chumba cha mjukuu wangu."

Kazi yenyewe

Nilikopa kwenye kikoba chetu cha akina mama. Fedha tuliyokuwa tumeitenga kwa geti jipya nayo ikaingia humo. Jumla ilifika milioni nne na laki tatu, na hapo mbao nyingi zilipona. Papi sita tu zilikuwa zimeoza za kuvunjika kwa mkono. Nikijumlisha tulichowalipa mafundi wa kopo kwa miaka mitatu, pamoja na rangi, dari mpya mara mbili na safari za hospitali, napata zaidi ya nusu ya fedha hiyo. Tulikuwa tunailipa kidogo kidogo bila kupata paa.

Kazi ilifanyika Julai, kiangazi kikiwa kimekaa. Fundi alikataa kuanza Juni kwa sababu ukuta ulikuwa bado una maji. Baada ya kuzuia maji juu, alitindua plasta yote iliyooza chumbani mpaka kwenye tofali na kuuacha ukuta wazi wiki nne, madirisha wazi mchana kutwa. Kisha akabandika kipande cha nailoni ukutani, akakizungushia gundi ya karatasi pande zote, akakiacha siku nzima na usiku wake. Tulipokibandua kilikuwa na umande kwa ndani. "Bado," akasema. Tukasubiri tena. Mara ya tatu kilitoka kikavu, ndipo akapiga plasta na baadaye rangi. Nikakumbuka tulivyopaka Desemba ile kwa siku moja, wageni wako njiani.

Ukungu uliokuwa umebaki sehemu nyingine niliusafisha mwenyewe kwa maji na sabuni, nimevaa barakoa na glavu, watoto wakiwa nje. Tafadhali, msichanganye dawa ya madoa ya klorini na dawa ya kusafishia choo mkidhani zitapata nguvu. Mvuke wake ni sumu. Bodi za dari zilizolowa hatukuzikausha, tulizitupa. Kabati nalo lilikwenda. Jipya tumeliacha liwe mbali na ukuta kwa upana wa kiganja, hewa ipite.

Na jambo moja kwa akina baba wenye haraka ya kupanda wenyewe: bati halikanyagwi popote. Unakanyaga kwenye mstari wa misumari, ambako chini kuna mbao. Bati likiwa bichi kwa mvua, usipande kabisa.

Mvua ya kwanza

Novemba mvua ikaja usiku. Hakuna aliyelala. Mume wangu alizunguka na tochi, binti yangu nyuma yake, mimi nimeketi chumbani kwa watoto nimetazama dari kama ninayesubiri mgeni. Nje gata ilikuwa inaunguruma, maji yanashuka kwenye bomba na kuingia kwenye tangi la plastiki, jambo ambalo hatukuwa tumelipanga. Ni fundi alisema si busara kumwaga maji mazuri. Ndani palikuwa pakavu. Saa kumi na moja alfajiri simu ikaita kutoka Muheza.

"Maji yamepita wapi?" mzee akauliza.

"Yamepita nje, baba," mume wangu akasema, na sauti ikamkatika.

Mtihani mkubwa ulikuwa masika ya 2025, na paa likaufaulu, isipokuwa tone moja pembeni ya dirisha la jikoni ambalo fundi alikuja kulimaliza. Siku hizi tuna siku mbili kwenye kalenda, Jumamosi moja ya Februari kabla ya masika na nyingine ya Septemba kabla ya vuli. Mume wangu anapanda ngazi, anatoa majani kwenye gata, anaangalia kofia ya zege na fleshingi, anapiga picha kwa simu ili alinganishe na za mwaka uliopita. Kazi ya saa moja. Nyumba kwa nje si nzuri kama ilivyokuwa. Upande mmoja inaonekana ya kisasa, pande tatu inaonekana ya Muheza.

Sitawaambia kwamba paa limemponya mwanangu. Ana pumu, dokta amethibitisha, na pampu yake iko kwenye mkoba wa shule. Vumbi humbana, baridi humbana. Lakini masika yale ya 2025 hatukukimbia hospitali usiku hata mara moja, wakati mwaka uliotangulia tulikimbia mara nne.

Kabla ya hapo kulikuwa na jambo nililotakiwa kulimaliza. Siku ya kliniki yake, wiki mbili baada ya ule usiku, nilimkuta dokta yuleyule. Kabla hajafungua faili nikamwambia, "Dokta, mara ile nilikudanganya. Chumba kina ukungu. Nilikuwa naona aibu." Nilitegemea anigombeze. Aliandika kwenye faili, akabadilisha namna ya kutumia dawa, akaniambia mtoto asilale tena kwenye kile chumba mpaka kikauke. Kisha akasema kwamba akina mama wengi humjibu vile nilivyojibu, na yeye hubaki anatibu kifua huku chanzo kiko nyumbani.

Mzazi mwenzangu unayesoma haya kwenye simu, huenda na wewe kuna kabati umelisogeza. Livute leo. Tazama ukuta wa nyuma yake, tazama dari juu ya kitanda cha mtoto, kisha toka nje mvua ikinyesha, hata kwa mwavuli, uone maji yanapita wapi. Fedha ya kutengeneza inaweza ikachelewa; yetu ilichelewa. Lakini kitanda kinahama usiku huohuo, na dokta akikuuliza chumba anacholala mtoto kikoje, ukweli hauna bei.